AKIBA YA KAZI: DISKI, UMEME NA UKOKOTOAJI WA KUJITOLEA KATIKA MTAA WA HIMBI, GOMA

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo linalowapata watumiaji wengi wa kompyuta waishio mahali penye umeme wa mashaka: kazi iliyofanywa na mashine kwa saa nyingi hupotea kwa dakika moja, na mwenye mashine asijue imepotelea wapi. Tutaliangalia jambo hilo katika shughuli moja mahususi, yaani ukokotoaji wa kujitolea, na mahali pamoja mahususi, yaani mtaa wa Himbi, ulioko kando ya Ziwa Kivu mjini Goma.

Hoja yetu kuu ni hii: saa anazozitoa mtu anayejitolea hazihesabiwi kwa muda mashine yake iliowaka, huhesabiwa kwa kile kilichokwisha kuandikwa katika diski. Yasiyoandikwa ni sawa na yasiyofanywa. Kwa hiyo usimamizi wa nafasi ya diski na ulinzi wa kazi ni suala moja. Aidha, tutaonyesha kwamba suala hili lina upande wa lugha, kwani baadhi ya hasara hutokea kwa sababu vitendo vitatu tofauti huitwa kwa jina moja.

2. Ukokotoaji wa kujitolea

Mbinu yenyewe si ngeni kwa fikra. Mkulima wa pwani anajua msaragambo, na mkazi wa Kongo anajua salongo, ijapokuwa salongo katika enzi ya Mobutu ilikuwa amri zaidi kuliko hiari. Kazi kubwa hugawanywa vipande vidogo, na kila mmoja huchukua chake. Katika ukokotoaji wa kujitolea, watafiti wenye hesabu nyingi mno kwa mashine zao huzigawa hesabu hizo na kuzituma kwa kompyuta za watu wa kawaida kupitia intaneti. Kila kompyuta hufanya kipande chake wakati mwenyewe haitumii sana, kisha hurudisha jibu.

Mradi ulioeneza mbinu hii ni SETI@home, uliofunguliwa kwa umma tarehe 17 Mei 1999 na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuchunguza mawimbi ya redio kutoka angani. Mradi huo uliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Kabla ya hapo, katika mwaka 2002, David Anderson na wenzake wa chuo hicho walikuwa wameanza kutengeneza programu ya jumla iitwayo BOINC, ambayo mradi wowote wa kisayansi unaweza kuitumia. Maelezo yetu yanahusu programu hiyo.

Afrika ya Mashariki na ya Kati inaguswa na shughuli hii kwa namna mbili angalau. Kwanza, mradi wa MalariaControl.net, uliotangazwa rasmi katika mwaka 2006 chini ya mpango wa Africa@home, ulikokotoa namna malaria inavyoenea na namna inavyoweza kuzuiwa. Mradi huo ulikuwa wa Taasisi ya Uswisi ya Tiba ya Tropiki, mjini Basel, taasisi yenye uhusiano wa miaka mingi na Ifakara, nchini Tanzania; na baadhi ya takwimu zilizotumika kuunda kielelezo chake zilitoka bonde la Kilombero. Katika majaribio yake ya awali, kompyuta 500 za watu waliojitolea zilifanya, kwa miezi michache tu, kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150. Mradi huo ulifungwa mwaka 2016.

Pili, mradi wa mvua za Afrika ulianzishwa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, ndani ya World Community Grid. Lengo lake ni kukokotoa mvua za Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja. Eneo hilo lote limegawanywa vipande zaidi ya 35,000, na kila kipande hukokotolewa kwa hatua za saa 48 za hali ya hewa, hatua baada ya hatua, mpaka mwaka mmoja utimie. Milima ya Kivu imo katika ramani hiyo. Yamkini, basi, kompyuta iliyoko Himbi ikapewa mvua ya Masisi au ya Rutshuru kuihesabu.

Msomaji azingatie neno "hatua baada ya hatua". Hatua ya pili ya kipande haiwezi kuanza mpaka jibu la hatua ya kwanza lifike. Mashine moja ikichelewa, kipande kizima cha ramani hungoja.

3. Kazi huhifadhiwaje?

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo. Kumbukumbu ya muda ina wepesi mkubwa, lakini husahau yote umeme ukatikapo. Diski ni nzito kidogo, lakini hukumbuka. Hesabu hufanyika katika kumbukumbu ya muda. Ili zisipotee, programu ya mradi husimama kila baada ya kitambo fulani na kuandika katika diski hali yote ya kazi ilivyo wakati huo. Umeme ukikatika, kazi huanza tena kutoka pale ilipoandikwa mara ya mwisho.

Maandishi hayo tutayaita "alama ya akiba". Tafsiri ya neno kwa neno, yaani "kituo cha ukaguzi", haifai. Msikilizaji wa Goma akisikia kituo cha ukaguzi hufikiri kizuizi barabarani, mahali mtu anaposimamishwa, anapopekuliwa na pengine anapotozwa. Dhana hii ni kinyume chake: ni kitu kinachomwezesha mtu kuendelea na safari. Mfano ulio karibu zaidi ni mwenye chukudu. Akishuka na gunia la makaa kutoka Kibumba, hutia jiwe chini ya gurudumu kila apumzikapo kwenye mteremko au mwinuko. Jiwe lile halimzuii kufika. Huzuia tu mzigo usirudi ulikotoka.

Alama ya akiba huandikwa kwa hadhari. Programu iliyotengenezwa vizuri haifuti alama ya zamani kwanza. Huandika alama mpya katika faili la pembeni, na ikiisha kukamilika ndipo huipa jina la ile ya zamani. Hivyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, alama ya zamani ingali nzima. Lakini utaratibu huo unahitaji nafasi ya alama mbili kwa wakati mmoja. Diski ikiwa imejaa pomoni, alama mpya haiandikiki, na mashine huendelea kufanya kazi isiyo na jiwe chini ya gurudumu. Hapa ndipo suala la diski na suala la kazi kupotea yanapokutana.

4. Umeme wa Himbi na hesabu ya hasara

Goma hupata umeme kutoka sehemu kadhaa. Kwa miaka mingi mji ulitegemea shirika la taifa, SNEL, na mabwawa ya mto Ruzizi. Desemba 2015 kituo cha Matebe, katika mto Rutshuru, chenye uwezo wa takriban megawati 13, kilizinduliwa. Na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini humo. Hata hivyo laini hukatika kwa mvua, kwa uchakavu na kwa vita. Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, sehemu kubwa ya Goma ilikaa gizani kwa siku kadhaa.

Tuchukue mfano wa kudhania. Mwanafunzi wa Himbi ana kompyuta ambayo huchukua saa 16 kumaliza kipande kimoja cha kazi ya mvua. Kazi hiyo huweka alama ya akiba kila baada ya saa sita za hali ya hewa inayokokotolewa, maana yake mara nane katika saa 48, au kila ifikapo asilimia 12.5. Kwa mashine hii, alama moja huwekwa kila baada ya saa mbili.

Umeme ukikatika bila kutarajiwa, kwa wastani hupotea nusu ya kitambo kilicho kati ya alama mbili, yaani saa moja. Hasara hiyo inavumilika iwapo umeme hukatika mara moja kwa siku. Lakini je, iwapo umeme huja kwa vipindi vya saa moja na nusu? Hapo mashine haifiki kamwe kwenye alama ya kwanza. Kila umeme urudipo, kazi huanza asilimia sifuri. Mashine huwaka, feni huvuma, mita ya umeme hula vipimo vilivyolipiwa, na baada ya wiki nzima hakuna hata herufi moja ya jibu. Ni kutwanga maji kinuni.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni rahisi, nayo ndiyo ya kwanza kukumbukwa: kitambo kati ya alama na alama lazima kiwe kifupi kuliko kipindi cha kawaida cha umeme. Katika mwaka 1974 John W. Young alitoa njia ya kukadiria kitambo kinachofaa. Zidisha mara mbili muda wa kuandika alama kwa wastani wa muda kati ya kukatika na kukatika, kisha tafuta kipeuo cha pili. Ikiwa kuandika huchukua sekunde 5 na umeme hukatika kila baada ya saa 3, kitambo kinachofaa ni takriban sekunde 329, yaani dakika tano na nusu. Ukiandika mara nyingi zaidi, unapoteza muda kwa kuandika. Ukiandika mara chache zaidi, unapoteza kazi.

Hapa lazima tuondoe dhana potofu. Katika mipangilio ya BOINC mna mahali pa kuweka kitambo cha alama, ambacho kwa kawaida ni sekunde 60. Wengi hudhani kwamba wakipunguza tarakimu hiyo alama zitawekwa upesi zaidi. Sivyo. Tarakimu hiyo huiomba programu ya mradi isiandike mara nyingi kuliko hapo. Haiwezi kuilazimisha kuandika ikiwa mradi wenyewe haukupanga hivyo. Anayetaka alama za karibu karibu hana budi kuchagua mradi unaoziweka.

Njia ya kuchunguza ipo. Katika orodha ya kazi, fungua sifa za kazi moja. Utaona muda wa kichakataji uliokwisha kutumika, na chini yake muda uliokuwa umetumika alama ya mwisho ilipowekwa. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo itakayopotea umeme ukikatika sasa hivi. Ukiitazama mara kadhaa kwa siku moja, utajua tabia ya mradi wako kuliko utakavyoambiwa na mtu.

Wenye kompyuta za mapajani wana mtego wao. Umeme wa laini ukikatika, kompyuta huingia katika betri, na BOINC kwa kawaida husimamisha kazi ili betri isiishe. Kusimamishwa huko kunaweza kuiondoa kazi katika kumbukumbu ya muda, na itakaporudi itaanzia kwenye alama ya mwisho. Mpangilio wa kuiacha kazi katika kumbukumbu wakati imesimamishwa huondoa hasara hiyo. Lakini betri nayo ikiisha kabisa, kumbukumbu husahau vilevile. Dawa yake ni kuiagiza kompyuta kwamba betri ikaribiapo kwisha, ihamishe kumbukumbu yote katika diski kisha ijizime. Hilo nalo hudai nafasi: kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 huhitaji kutengewa nafasi ya gigabaiti kadhaa katika diski kwa ajili hiyo.

5. Nafasi ya diski

BOINC hupewa mipaka mitatu ya diski: gigabaiti isizoruhusiwa kuzidi, gigabaiti ambazo lazima iziache wazi, na asilimia ya diski yote isiyoruhusiwa kuivuka. Watumiaji huuliza ni upi kati ya mitatu unaofuatwa. Jibu ni kwamba unaofuatwa ni ule ulio mkali kuliko yote.

Tuseme diski ni ya gigabaiti 120, na gigabaiti 15 tu ndizo zilizo wazi. BOINC imekwisha kutumia 2. Mwenyewe ameweka mipaka hii: isizidi gigabaiti 20, iache wazi 10, isivuke asilimia 50. Mpaka wa kwanza unatoa 20, wa tatu unatoa 60. Lakini wa pili unasema: 2 zilizotumika, jumlisha 15 zilizo wazi, toa 10, jibu ni 7. Kwa hiyo BOINC ina gigabaiti 7 tu, hata mwenyewe akiupandisha mpaka wa kwanza hadi 100. Na siku atakapoweka filamu za gigabaiti 8 katika diski hiyo, programu itajikuta imevuka mpaka bila ya kuongeza chochote. Hapo itaacha kuomba kazi mpya na kuzisimamisha zilizopo, huku tarehe ya mwisho ya kazi hizo ikiendelea kukaribia.

Mpaka wa nne haumo mikononi mwa mtumiaji. Kila kazi huja na kikomo chake cha diski kilichowekwa na mradi. Kazi ikizidisha kikomo hicho, BOINC huivunja kabisa na kuandika kosa namba 196. Kuongeza nafasi katika mipangilio hakusaidii, kwa maana kosa ni la waliotengeneza kazi. Mwenye kulipata amfahamishe mwenye mradi, wala asifute mafaili yake mwenyewe akidhani ndiyo sababu.

Jambo la kuepuka ni kufuta kwa mkono. Katika folda ya data ya BOINC mna mafaili ya miradi na mna folda ndogo ambamo kila kazi inayoendelea huweka alama zake. Mtu mwenye haraka ya nafasi akiyaona mafaili makubwa yasiyojulikana, huyafuta. Anachofuta pengine ni kazi ya siku tatu. Njia salama ni kupunguza akiba ya kazi zinazoletwa kwa mara moja, ili kompyuta isiwe na foleni ndefu isiyohitajika.

6. Vitendo vitatu na majina yake

Tumefika kwenye upande wa lugha. Mjini Goma programu nyingi husomwa kwa Kifaransa na kuelezwa kwa Kiswahili, na katika kuelezana huko "kuzima", "kuanza upya" na "kutoa" huchanganywa. Kwa BOINC vitendo hivyo vina matokeo yasiyofanana hata kidogo, nasi tunapendekeza vipewe majina yafuatayo.

"Kusimamisha" ni kuiambia kazi itulie. Alama zake hubaki katika diski, na ikiruhusiwa huendelea.

"Kufuta na kupakua upya" ni kuzitupa kazi zote za mradi zilizomo katika mashine, pamoja na alama zake, na kuanza na mafaili mapya kutoka kwa mradi. Kitendo hiki ndicho ambacho wengi hukiita "kuanza upya". Jina hilo linadanganya, kwani anayelisikia hudhani ni sawa na kuzima kompyuta na kuiwasha.

"Kujitoa" ni kuuondoa mradi wote. Kazi ambazo hazijarudishwa hupotea.

Lipo pia la nne, nalo ndilo la kiungwana kwa mtu anayetaka kupumzika: "kutopokea kazi mpya". Mwenyewe huimaliza foleni iliyopo, huirudisha, kisha ndipo hujitoa. Aliyeelewa tofauti ya maneno haya manne amejiepusha na sehemu kubwa ya hasara zinazotokana na mkono wa mtu mwenyewe.

7. Nakala, na siku ya kuhama

Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na tarehe 27 wakazi wa mitaa 10 ya Goma wakaamriwa kuondoka. Mtu anayefunga mizigo katika saa kama hiyo hafikirii mvua iliyokokotolewa, wala hapaswi. Lakini kwa wenye kuhama kwa utulivu, au kubadilisha mashine, kazi inaweza kubebwa. Sharti la kwanza ni kuifunga BOINC kabisa kabla ya kunakili, kwa sababu folda inayoandikwa wakati inanakiliwa hutoa nakala isiyolingana na yenyewe. Sharti la pili ni kunakili folda yote ya data, pamoja na mafaili ya hali yake. Sharti la tatu ni kutoiendesha nakala na asili yake kwa wakati mmoja, kwani seva itaona mashine moja mahali pawili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza. Kila kazi ina tarehe ya mwisho, na ikipita bila jibu, mradi humpa mtu mwingine kazi ile ile. Nakala ya mwezi uliopita mara nyingi haina thamani.

8. Hitimisho

Je, kazi ikipotea Himbi, sayansi imepata hasara? Kwa kiasi kikubwa, hapana. Itachelewa tu, kwa kuwa kipande kile kitapewa mwingine. Hasara kubwa ni ya mkazi wa Himbi mwenyewe, aliyelipia umeme, akalipia intaneti, akaitoa mashine yake ya pekee, na vyote hivyo visizae kitu. Mchango wa mtu mwenye umeme kidogo una thamani ileile katika hesabu, lakini humgharimu zaidi. Kwa hiyo ana haki zaidi ya kujua unakwenda wapi.

Kwa mujibu wa maelezo haya, tunamshauri mwenye kutaka kujitolea aanze kwa kupima vipindi vyake vya umeme kwa wiki moja, achague mradi ambao alama zake zinaingia ndani ya vipindi hivyo, aweke mipaka ya diski akiujua ulio mkali, na aache nafasi ya kuandikia. Na akigundua kuwa hakuna mradi unaolingana na umeme wake, azime bila aibu. Wanaofundisha kompyuta kwa Kiswahili nao tunawaomba wasifasiri majina ya vitendo kabla ya kuvijaribu: neno lisilo sahihi katika shughuli hii hufuta kazi ya siku tatu.